Vifaa vya mkono vya kutengenezea gitaa, udi na fidla: kipi kianze, kwa kipimo gani

TupaLaini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Swali la "ninunue seti gani ya ufundi wa gitaa" linarudi kila mara, na majibu huwa nusunusu. Tulimalize hapa kwa vipimo.

Ala nyingi haziharibiki kwa sababu fundi hakuwa na kifaa. Zinaharibiwa na kifaa kinachokaribia kuenea. Alenki (ufunguo wa kona sita) ya 3 mm inaingia vizuri tu kwenye tundu la inchi 1/8, ambalo ni 3.175 mm. Inazunguka kidogo, inakutana na ugumu, halafu inakula kona za tundu. Tundu likishakuwa duara hata alenki sahihi haishiki tena, na trasirodi (kile chuma kilichomo ndani ya shingo) haitoki bila kubandua ubao wa vidole. Gitaa zima linaponzwa na tofauti ya 0.175 mm.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye vifaa vya kupimia. Nunua kalipa (kipimio cha unene chenye midomo miwili) ya chuma cha pua inayosoma hadi 0.02 mm au 0.05 mm. Dukani ifunge midomo, ielekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati au kwenye ncha, usiichukue. Za plastiki midomo inapinda ukiibana kidogo, kwa nyuzi hazifai. Ongeza fila geji ya mafundi magari, bamba za 0.05 hadi 1.00 mm, inapatikana duka lolote la spea. Rula ya chuma iwe na alama za nusu milimita, na sifuri yake ianzie ukingoni kabisa. Mwisho ni ubapa mnyoofu wa sm 40 hadi 45 wa kupimia shingo. Kuujaribu ni rahisi: piga mstari mwembamba kwa penseli kali, ugeuze upande wa pili, piga mstari mwingine juu ya uleule. Mistari ikiachana katikati, nusu ya mwachano huo ndiyo kasoro ya ubapa.

Alenki nunua seti mbili, ya inchi na ya milimita, na usizichanganye kwenye mfuko mmoja. Trasirodi ya gitaa za Martin ni 5 mm. Fender nyingi za Marekani ni inchi 1/8, nyingine 3/16, yaani 4.76 mm: alenki ya 5 haiingii na ya 4.5 inateleza. Gibson haina tundu, ina nati ya kona sita ya inchi 5/16, inataka spana boksi yenye ukuta mwembamba maana nafasi pale kichwani ni finyu. Gitaa nyingi za Asia ni 4 au 5 mm, lakini pima, usikisie. Vile vijiskrubu vya sadoli (vipande vinavyobeba nyuzi darajani) za gitaa la umeme ni inchi 0.050 au 1/16 kwa za Kimarekani, na 1.5 mm kwa nyingi za Asia. Hapa ndipo alenki laini za bei ya chini zinapojipinda kama mshumaa.

Na trasirodi usizungushe zaidi ya robo mzunguko kwa mara moja. Anza kwa kulegeza kidogo ndipo ukaze. Ikigoma, acha.

Besi_Mbagala

Mkuu asante kwa darasa. Maswali mawili. Zile seti za bisibisi za vichwa 40 kwenye boksi moja, zinafaa? Na kwa nini skrubu ndogo za mashine za kukazia nyuzi zinaliwa kichwa hata ukikandamiza kwa nguvu zote?

TupaLaini

Kaka, nguvu haisaidii pale. Kuna nyota za aina tatu zinazofanana kwa mbali. Ya kawaida ni Phillips, imeandikwa PH. Ya pili ni Pozidriv, PZ, ambayo kichwa cha skrubu yake kina vijistari vinne vyembamba kati ya mikono ya nyota. Ya tatu ni ya Kijapani, JIS. Bisibisi ya PH kwenye skrubu ya JIS haifiki chini, inakaa juujuu, na ukikaza inapanda na kutoka. Skrubu ya zamani ya gitaa la Kijapani inaliwa kwa sababu hiyo. Kama JIS haipatikani, sugua ncha ya PH kwenye jiwe, kama nusu milimita tu, ili ikae chini zaidi.

Jaribu bisibisi hivi: chomeka skrubu kwenye ncha isiyo na sumaku, ilaze kimlalo. Skrubu ikibaki imesimama bila kushikwa, zimeeneana. Ikining'inia au kudondoka, tafuta nyingine. PH1 inatosha kwa mashine za nyuzi na bamba la kukinga mikwaruzo, PH2 kwa skrubu za shingo na za mkanda, na zile ndogo kabisa ni PH0.

Seti ya vichwa 40 tatizo lake ni kichwa kucheza ndani ya mpini. Unaona mpini umenyooka kumbe ncha imelala upande. Bora bisibisi nne za chuma kigumu, kila moja na mpini wake. Na kabla ya kurudisha skrubu kwenye mbao ngumu, ipitishe kwenye nta ya mshumaa. Sabuni usitumie, inavuta unyevu na skrubu inashika kutu humohumo. Kama skrubu ni ya 2.2 mm, tundu lake kwenye mahogani liwe 1.6 mm hivi, kwenye mninga au mpingo lisogee 1.8. Skrubu ndogo inayokatikia ndani kwa kawaida ilitobolewa tundu dogo mno.

NatiYaMfupa

Naomba niingie kwenye nati, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki kinachopokea nyuzi pale juu ya shingo. Hiki kinadai tupa za peke yake na watu wengi wanatumia msumeno wa chuma. Msumeno wa chuma unaacha mfereji wa 0.8 mm au zaidi. Uzi wa kwanza wa seti ya kawaida ya gitaa la umeme ni 0.010 ya inchi, yaani 0.25 mm. Huo uzi utakuwa unatembea ndani ya mfereji kama mtu mmoja kwenye barabara ya magari.

Seti ya 10 hadi 46 (elfu za inchi) kwa milimita ni 0.25, 0.33, 0.43, 0.66, 0.91 na 1.17. Tupa iwe pana kuliko uzi kwa 0.05 mm hivi. Ikiwa sawasawa na uzi, uzi unabanwa na ukikaza unasikia "tik", sauti inaruka juu ghafla. Ikiwa pana mno, uzi unacheza na kutoa mlio wa mbu.

Tupa halisi za nati ni ghali na zinaagizwa nje. Njia mbadala inayofanya kazi ni hii: kwa nyuzi tatu nyembamba chukua bamba za fila geji za 0.30, 0.35 na 0.45 mm, zibane kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya chuma, na kwa kona ya tupa ya pembetatu zikate meno madogo, umbali wa milimita moja hivi. Kisha sugua ukingo kwa jiwe uwe wa duara ili sakafu ya mfereji isiwe bapa. Kwa nyuzi nene tatu tumia zile sindano za kusafishia midomo ya gesi ya kuchomelea. Zina mikwaruzo ya duara na zinauzwa kwa seti za unene tofauti. Zipime kwa kalipa moja moja, usiamini namba ya kwenye kibati. Sindano inapinda, kwa hiyo ishike kwa vidole viwili karibu na nati, usiisukume kutoka mbali.

Mfupa wenyewe chukua bucha, mfupa wa mguu wa ng'ombe, sehemu yenye ukuta mnene. Kwangua uboho, loweka siku kadhaa kwenye maji ya moto na sabuni ya unga ukibadilisha kila siku hadi maji yasiwe na mafuta, kisha ukauke kivulini. Usiuchemshe kwa saa nyingi, unakuwa kama chaki. Na vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu, vaa barakoa.

Besi_Mbagala

Dada, unajuaje umefika? Maana ukipitiliza si ndiyo basi tena?

NatiYaMfupa

Freti ni zile waya za chuma zilizokatiza ubao wa vidole. Bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, uguse freti ya pili. Angalia nafasi kati ya uzi na freti ya kwanza. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa 0.1 mm hivi. Ikipita kwa kubanwa kidogo, umefika kwa uzi mnene. Kwa uzi mwembamba shuka kidogo chini ya hapo, uone mwanga kama unywele, na ukiugonga uzi kwa kucha pale juu ya freti ya kwanza usikie mlio mdogo wa chuma kugusa chuma. Mlio ukipotea kabisa, umepitiliza.

Kata viharusi vitatu, rudisha uzi, kaza hadi sauti yake, pima. Tena vitatu, tena pima. Inachosha, lakini viharusi viwili vya mwisho ndivyo vinavyoharibu. Mfereji uinamie nyuma kuelekea mashine, ili uzi uondokee ukingo wa mbele, ule unaotazama freti. Ukiinamia mbele, uzi unaondokea nyuma, sauti zote za freti zinapanda na uzi mtupu unalia kama sitaa ya Kihindi.

Ukipitiliza, jaza mfereji na unga wa mfupa uleule, tone moja la supa gluu, subiri, kata upya. Inashika kwa nyuzi nyembamba. Kwa nyuzi nene haidumu, chonga nati nyingine.

JuaKali_Nai

Wadau wa huko pwani, salamu kutoka Nairobi. Mimi nitagusa freti. Huku wengi tunaita tupa "faili", lakini nitafuata lugha yenu.

Waya wa freti wa kawaida unaitwa nikeli silva na hauna fedha hata chembe, ni shaba, nikeli na zinki. Ni laini. Tupa mbaya inauachia mikwaruzo ambayo msasa hautaifuta bila kupunguza freti yenyewe. Kwa hiyo tupa ya kusawazisha iwe na meno ya mstari mmoja. Ile yenye meno yaliyokatana msalaba waachie mafundi wa mageti. Chukua ya sm 25, vunja mkia wake, iweke juu ya kioo kinene na upitishe fila geji ya 0.05 chini yake pande zote. Ikipita katikati, tupa imepinda, badilisha. Ikikubali, igandishe kwa epoksi kwenye kipande cha mninga kikavu kilichorandwa, uwe na mahali pa kushika. Kingo zake zisugue zilale, zisikate ubao.

Kabla ya kugusa freti, nyoosha shingo kwa trasirodi hadi ubapa uguse freti zote au karibu zote. Ukisawazisha shingo iliyopinda unakula freti za mwisho bure. Paka kila freti wino wa maka peni juu, pitisha tupa kwa urefu bila kukandamiza, uzito wake unatosha. Wino ukitoka juu ya zote, acha hapohapo. Freti iliyobaki chini ya 0.7 mm hivi usiisawazishe, ing'oe uweke mpya.

Kutafuta freti moja iliyochomoza unahitaji kibapa kifupi kinachogusa freti tatu tu. Kata rula ya chuma vipande vinne. Kwa gitaa la kipimo cha 648 mm (urefu wa uzi kutoka nati hadi daraja): 70 mm kwa freti za mwanzo, 55 mm kuanzia ya tano, 38 mm kuanzia ya kumi na moja, na 28 mm kwa zilizo juu ya ya kumi na saba. Kikicheza kama bembea juu ya ile ya kati, hiyo ndiyo yenyewe. Kabla ya kuipiga tupa, igonge kwanza kwa nyundo ya plastiki au shaba. Mara nyingi imeinuka tu kwenye mfereji wake.

Kung'oa: koleo la kung'olea misumari la kawaida lina midomo yenye mteremko, haliwezi kuingia chini ya freti. Lisuguliwe kwenye jiwe hadi midomo iwe bapa kabisa mbele, na ulichovye majini kila mara lisipoteze ugumu. Pasha freti kwa pasi ya kulehemu sekunde kumi hivi, gundi na mafuta ya kwenye mbao vilainike, kisha ibane kutoka ukingoni ukienda nao polepole. Unabana tu, huvuti. Midomo yenyewe inainua freti. Ukivuta, vibanzi vya mbao vinatoka nayo, na kwenye ubao wa mpingo vibanzi hivyo vinaruka mbali na kupotea.

TupaLaini

Fundi umenena. Niongeze tu: funika pikapu (sumaku za kunasa sauti kwenye gitaa la umeme) kwa mkanda wa karatasi kabla ya kushika tupa au pamba ya chuma. Sumaku inakusanya vumbi la chuma na halitoki. Bora uachane kabisa na pamba ya chuma, tumia msasa wa 400, 600, 800, 1000, halafu 2000.

Ila kwenye kukifanya kichwa cha freti kiwe cha duara baada ya kusawazisha, tupa ya pembetatu iliyosuguliwa kona inatosha. Sioni haja ya tupa maalumu yenye mfereji.

JuaKali_Nai

Hapo tutofautiane kwa heshima, mkubwa. Tupa ya pembetatu inafanya kazi mkononi mwa aliyeizoea. Anayeanza ataacha freti zenye kilele kisichokaa katikati, na milimita moja ya kilele kuhama inahamisha sauti, hasa freti za juu ambako nafasi ni finyu. Tupa ya mfereji inajipanga yenyewe. Kama kuna kifaa kimoja cha bei ya juu ambacho ningemwambia kijana aagize, ni hicho.

Kwa yeyote kati ya hizo mbili, paka wino tena, na ubakize mstari mwembamba wa wino katikati ya kilele usioguswa. Mstari ukikatika mahali, umeshusha freti pale na kazi ya kusawazisha imevunjika.

TupaLaini

Nimekubali hoja ya anayeanza. Kona za pembetatu lazima zilale kabisa, na hilo wengi hawalifanyi.

Skuli_ya_Udi

Shikamoo mzee MzeeWaKigingi kama uko humu. Tuelekeze udi na fidla, maana vigingi (vile vijiti vya kukazia nyuzi) kuteleza ndiyo kilio cha kila kikundi huku Unguja.

MzeeWaKigingi

Marahaba mwanangu.

Kigingi kinasimama kwa msuguano na mchongoko, hakina skrubu wala gia. Mchongoko wa kigingi na wa tundu lazima uwe mmoja. Fidla za siku hizi ni 1 kwa 30, yaani kila milimita 30 unene unapungua milimita moja. Udi hauna desturi moja, kila karakana ina wake. Kwa hiyo kabla hujanunua kiriba (chuma chenye makali na mchongoko) cha kuchongea tundu, pima kigingi kilichopo: weka alama mbili zilizoachana 30 mm, pima unene kwenye kila alama. Tofauti ya 1 mm ni 1 kwa 30. Tofauti ya 1.2 ni 1 kwa 25. Tofauti ya 1.5 ni 1 kwa 20. Kalipa waliyoitaja wenzangu juu inakulipa hapa mara mia.

Kisha kisome kigingi. Kisukume ndani, kizungushe mara mbili, kitoe, kitazame mwangani. Utaona pete mbili zinazong'aa, mahali kinapogusa kuta mbili za kichwa cha udi. Pete zote mbili zikiwa na mng'ao sawa, mchongoko uko sawa na tatizo ni ukavu au mafuta tu. Chaki na sabuni kavu kidogo vinamaliza. Pete moja iking'aa na nyingine imefifia, mchongoko haulingani. Kama mng'ao uko pande mbili zinazotazamana tu na kwingine hakuna, kigingi kimekuwa yai, kinataka kuchongwa duara upya.

Kiriba zungusha upande mmoja tu, kwa mkono mwepesi, mizunguko miwili halafu kitoe, futa vumbi, jaribu kigingi. Ukikirudisha nyuma ndani ya tundu unafifisha makali na kuacha mawimbi ukutani. Tundu la fidla likishapita milimita 9 usiendelee kulipanua, lizibe kwa mbao ngumu yenye mchongoko uleule utoboe upya.

Kichongeo cha vigingi ni kama kichongeo cha penseli. Kinunue pamoja na kiriba chake, si leo hiki na kesho kile kutoka kwingine. Kwa vigingi vya mpingo blade iwe inakata karatasi ikining'inia, na itoe unyoya mwembamba wa 0.1 mm. Mpingo ni mzito kuliko maji na unafifisha makali upesi, noa tena kila baada ya vigingi viwili vitatu.

Kwa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, angalieni ufunguo wa kukazia. Kichwa cha kigingi chake kina kona nne zenye mchongoko. Ufunguo ukiwa mpana, unagusa kona tu na kuzivunja moja moja, na kanuni ya Kiarabu ina nyuzi 70 na ushei. Ufunguo sahihi unagusa bapa zote nne na unasimama wenyewe ukiuachia.

Skuli_ya_Udi

Ahsante sana mzee wetu. Na daraja la udi, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi usoni, likianza kunyanyuka nyuma?

MzeeWaKigingi

Pitisha karatasi chini ya ukingo wa nyuma. Ikiingia milimita mbili, legeza nyuzi leo hii, usingoje lifyatuke na nyuzi za mbao za uso.

Kifaa cha kubandulia ni kisu kipana cha kupakia rangi, chembamba, kingo zimesuguliwa zisikate. Kipashe kwenye maji ya moto, kifute, kiingize polepole kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Gundi ya asili ya ngozi inaachia kwa joto na unyevu. Ikiwa kuna mtu aliyewahi kupaka epoksi, itabidi uikate kwa subira ndefu.

Gundi ya ngozi: kipimo kimoja cha punje kwa maji karibu mara mbili kwa uzito, iloweke hadi ivimbe, ipashe ndani ya chombo kilicho kwenye maji ya moto, nyuzi joto 60 hadi 63. Nunua kipimajoto cha jikoni, ndicho kifaa muhimu kuliko sufuria yenyewe. Ikichemka imekufa, nguvu imekwisha. Una chini ya dakika moja kabla haijaganda, kwa hiyo panga vibano vyote vikavu kwanza, ufanye mazoezi mara mbili, ndipo upake.

Gundi nyeupe ya maseremala usiitie kwenye daraja. Kwenye joto la pwani inateleza polepole chini ya mvuto wa nyuzi, na baada ya miezi utaona daraja limehama.

Uso wa udi ni mwembamba, kama 2 mm au pungufu, na tundu limezibwa na nakshi, klampu haiingii. Laza udi kwenye mfuko wa mchanga unaokumbatia tumbo lake, weka ubao imara juu yake usiougusa udi, halafu tumia fito za mianzi zilizojikunja kati ya ubao na daraja. Fito tatu nyepesi zinatosha. Ukikandamiza kama unabana meza, uso unabonyea. Saa 24 usiguse.

NatiYaMfupa

Kwa gitaa la kawaida klampu inaingia tunduni, ila tundu lina kipenyo cha sm 10 tu na daraja liko mbali. Tafuteni yenye koo la angalau sm 16 na kimo kinachopita humo. Klampu za mbao zenye kabari ya kuzungusha ni nyepesi na unaweza kuzichonga mwenyewe kwa mninga na vyuma bapa viwili. Ndani weka kibao chenye mifereji ya kupisha mbavu (vijiti vya ndani vinavyoimarisha uso), usibane juu ya mbavu. Na kioo kidogo cha madaktari wa meno pamoja na taa ndogo, huwezi kufanya kazi hii bila kuona ndani.

Vitupa vidogo na misumeno ya waya msihangaike navyo mbali, maduka ya vifaa vya masonara wanavyo, na ubora wake ni mzuri kuliko vya hadiwea.

Lehemu_Tu

Upande wa umeme kwa ufupi. Pasi ya wati 40 hadi 60 yenye ncha bapa ya 3 mm. Pasi ndogo ya wati 15 inakaa mgongoni mwa potenshiomita (kidhibiti cha sauti unachozungusha) hadi inaiunguza ndani, ndiyo maana sauti inakwaruza baada ya "matengenezo". Pasi yenye nguvu inagusa sekunde tatu na kuondoka. Kwaruza mgongo huo kwa msasa kwanza. Waya wa lehemu uwe wa 60/40 wenye rosini ndani. Ile dawa ya asidi ya mafundi bomba ni marufuku, inaendelea kula shaba hata miezi baadaye. Na mita ya kupima omu.

Shaba_Moshi

Naomba msitusahau wa matarumbeta, vikundi vya KKKT (kanisa la Kilutheri) huku kwetu viko kila usharika. Mdomo wa tarumbeta ukikwama usiushike kwa koleo wala spana ya bomba, bomba la kuongozea ni jembamba na linajisokota kama kitambaa kilichokamuliwa. Kuna kivuta mdomo chenye skrubu mbili, kikundi kizima kinaweza kumiliki kimoja. Nyundo iwe ya ngozi au plastiki.

Kwa saksafoni, bisibisi bapa ncha yake ijaze mfereji wa skrubu kwa urefu na kwa unene. Kutafuta pedi (kifuniko laini cha tundu) inayovuja, kata ukanda wa karatasi ya sigara upana wa 5 mm, uweke chini ya pedi, funga kwa nguvu ya kawaida ya kidole, vuta. Zunguka pedi nzima hivyo. Unapoteleza bila kushikwa ndipo panapovuja.

Besi_Mbagala

Wakuu, hapa jirani na bahari tupa zinashika kutu ndani ya wiki mbili. Na mwenye bajeti ndogo aanze na nini?

TupaLaini

Kutu: futa kila kifaa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani ukimaliza kazi, na kabla ya kuanza kifute kikauke, maana mafuta yakigusa mbao gundi haishiki. Boksi liwe la plastiki lenye kifuniko cha mpira, humo tia vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu. Kila mwezi vipashe kwenye oveni, joto la 110 hivi, virudi kunyonya. Tupa usizirundike pamoja, zinasagana meno. Kila moja na mfuko wake wa kitambaa. Zikijaa vumbi la freti, zisugue kwa brashi ya waya laini kufuata mwelekeo wa meno, na siku nyingine zipake chaki kabla ya kazi, vumbi halitaganda.

Bajeti ndogo: kalipa, fila geji, alenki seti mbili, bisibisi PH1 na PH2. Kwa hizo peke yake unaweza kurekebisha shingo, urefu wa nyuzi na mashine za kukazia. Pili ni sindano za gesi na bamba za kukata meno kwa ajili ya nati. Tatu pasi ya kulehemu. Patasi moja ya 12 mm na jiwe la 1000, inolewe kwa pembe ya 25. Klampu, tupa za freti na kiriba subiri hadi kazi yenyewe iingie mlangoni, maana hapo ndipo utajua ni kiriba cha 1 kwa 30 au 1 kwa 20.

Besi_Mbagala

Nimeelewa. Kalipa ya saa au ya kawaida ya mistari?

TupaLaini

Ya mistari. Haina betri wala gia za kuingia vumbi la mfupa. Jizoeze kuisoma kwenye nyuzi zenye namba inayojulikana: pima uzi wa inchi 0.017 hadi usome karibu na 0.43 mm mara tano mfululizo.